New Zealand: Sungura, bunduki ya mkulima na mstari uliochorwa baada ya Christchurch

Serikali ya New Zealand inaiandika upya Sheria ya Silaha ya mwaka 1983, na katikati ya mjadala huo limo swali lililo la zamani kuliko sheria yenyewe. Mkulima anayepambana na wanyama waharibifu anahitaji bunduki ya namna gani, na majirani zake wako tayari kuishi karibu na bunduki ya namna gani?

Kwa wasikilizaji wetu walioko Australia, hili si jambo la mbali. Mtu aliyewaua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch mwaka 2019 alikuwa raia wa Australia. Baadhi ya wanyama wanaowasumbua wakulima wa New Zealand walivushwa Bahari ya Tasman kutoka huku. Na tangu shambulio la Bondi la Desemba 14, 2025, lililoua watu 15 waliokuwa wakisherehekea sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukkah ufukweni, suala la nani amiliki bunduki, ya aina gani na kwa sababu ipi limerudi kwenye mabunge ya Australia pia.

Ili kuuelewa mjadala wa jirani zetu, haitoshi kusikiliza hotuba za wanasiasa. Yafaa kwanza kuitazama bunduki yenyewe: risasi inayobeba, darubini iliyo juu yake, na jinsi inavyojaza risasi ya pili baada ya ile ya kwanza kutoka. Humo ndimo mstari wa sheria ulimopita.

Wageni waliokula nchi

Kabla ya watu kufika, New Zealand haikuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo. Ilikuwa nchi ya ndege, na baadhi yao, kama kiwi, hawakuwa na haja ya kuruka kwa kuwa hapakuwa na mnyama wa kuwakimbiza. Meli za wageni ndizo zilizoleta waliobaki: panya, mbuzi, kulungu, sungura, na posamu walioletwa kutoka Australia kuanzia mwaka 1837 ili kuanzisha biashara ya ngozi. Walabi nao waliletwa katika miaka ya 1870, wakaachiwa karibu na Waimate, kusini mwa Canterbury.

Sungura ndio waliotia hasara ya haraka zaidi. Kwenye nyanda kavu za Otago na Southland walizaana kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Makadirio yanayotumiwa na wafugaji ni kwamba sungura kumi hivi hula majani yanayomtosha kondoo mmoja. Mahali penye sungura kwa maelfu, kondoo hana chake. Kufikia mwaka 1876 bunge lilikuwa limepitisha sheria maalumu ya kukabiliana na balaa hilo, na baadhi ya wafugaji waliyahama malisho yao.

Dawa iliyofuata ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Katika miaka ya 1880 waliletwa vicheche wa Ulaya ili wawale sungura. Vicheche waliwala sungura kiasi, kisha wakagundua kwamba ndege wasiojua kuruka ni windo jepesi zaidi. Hadi leo New Zealand inagharamia vita dhidi ya vicheche hao, na mwaka 2016 ilijiwekea lengo la kuwamaliza pamoja na panya na posamu ifikapo mwaka 2050.

Sumu na virusi pia vimejaribiwa. Mwaka 1997, baada ya serikali kukataa, baadhi ya wakulima waliingiza kinyemela virusi vinavyoua sungura na kuvisambaza mashambani. Mwanzoni sungura walikufa kwa wingi. Baadaye waliobaki wakapata kinga, na watoto wao wakaongezeka. Mwaka 2018 aina nyingine ya virusi hivyo iliachiwa, safari hii kwa idhini. Somo ambalo wakulima wa Otago wamejifunza ni kwamba hakuna njia moja inayomaliza kazi. Sumu hupunguza, virusi hupunguza, uzio huzuia, lakini sungura wachache waliosalia wasipofuatwa mmoja mmoja, miaka michache baadaye mlima hujaa tena. Kazi ya kuwafuata hao wachache ndiyo kazi ya bunduki.

Wasikilizaji wetu waliokulia Kigoma, Kivu au mashariki mwa Burundi wataielewa haja hiyo bila maelezo marefu. Wanajua maana ya kulala kwenye kibanda cha shambani mahindi yanapokomaa, wakipiga madebe na kuwatuma mbwa ili nyani na nguruwe mwitu wasimalize jasho la msimu mzima. Tofauti ni kwamba huko bunduki ilikuwa mali ya serikali au ya mtu wa kuogopwa. New Zealand bunduki hukaa ndani ya kabati la chuma katika nyumba ya mkulima wa kawaida, na watu wapatao robo milioni wana leseni ya kumiliki silaha katika nchi yenye watu milioni tano na kitu.

Risasi ndogo, mwendo mkubwa

Kumpiga sungura si sawa na kumpiga kulungu. Kulungu ni mkubwa, na mwindaji hutafuta risasi nzito inayopenya. Sungura ni mdogo, hukaa sekunde chache tu nje ya shimo, na mara nyingi yuko ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo bunduki za kazi hii zimetengenezwa kwa falsafa tofauti: risasi nyepesi, mwendo mkali, na darubini yenye nguvu.

Ya kawaida kuliko zote ni .22 ya fataki ya ukingoni, yaani ile ambayo kemikali ya kuwashia baruti imepakwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Tarakimu hizo ni kipenyo kwa sehemu za inchi, kama milimita 5.6 hivi. Risasi hii ilianza kuuzwa mwaka 1887 na umbo lake halijabadilika sana. Kichwa chake cha risasi kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, husafiri kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, ni rahisi kwa bei, na bunduki yake haina kishindo. Ikifungwa kizuia sauti, sungura wa pili hajui kilichompata wa kwanza. Lakini ni risasi ya karibu: zaidi ya mita 70 hivi huanza kushuka sana. Isitoshe, kwa kuwa ni ya risasi laini na ya polepole, ikigonga jiwe au maji huweza kuruka upande usiotarajiwa na kwenda mbali. Mzaha wa kwamba .22 ni bunduki ya watoto umewahi kuleta msiba.

Mwaka 2002 ilikuja .17 HMR, yenye kichwa cha gramu moja na ushei tu, lakini mwendo wake ni zaidi ya mita 750 kwa sekunde. Humfikia sungura wa mita 150 bila mpigaji kukisia sana, na kichwa chake huvunjika vipande vidogo kinapogonga, jambo linalopunguza hatari ya kuruka. Udhaifu wake ni upepo: kitu chepesi husukumwa kando kirahisi.

Juu yake ziko risasi za fataki ya kati, zenye ganda kubwa na baruti nyingi. Ukoo huu ulianzia Marekani, ambako wakulima na wawindaji walitafuta njia ya kuwapiga kutoka mbali wanyama wadogo wanaochimba mashimo kwenye malisho. Miaka ya 1930 ilileta .22 Hornet, na mwaka 1935 .220 Swift iliyovuka mita 1,200 kwa sekunde. Mwaka 1950 kampuni ya Remington ilitoa .222, risasi iliyosifiwa kwa kulenga kwa usahihi. Mwaka 1965 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza rasmi .22-250, ambayo wapenzi wa bunduki walikuwa wakijitengenezea wenyewe kwa miaka mingi. Katikati yao ikasimama .223 Remington, yenye kichwa cha gramu tatu na nusu hivi na mwendo unaokaribia mita 1,000 kwa sekunde, takriban mara tatu ya kasi ya sauti.

Faida ya mwendo huo ni kwamba njia ya risasi huwa karibu nyoofu. Mpigaji aliyeipanga darubini yake vizuri anaweza kulenga mnyama wa mita 50 na wa mita 200 kwa namna karibu moja. Ndiyo sababu .223 ni miongoni mwa bunduki zinazoonekana sana kwenye magari ya wakulima wa New Zealand, kwa ajili ya walabi, mbuzi mwitu na sungura wa mbali.

Darubini nayo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukuza. Kwenye .22 hutosha darubini inayokuza mara tatu hadi tisa, kwenye.223 au .22-250 wengi hutumia inayofika mara kumi na sita au zaidi. Ya pili ni kurekebisha. Vifundo vyake viwili hugeuzwa hatua kwa hatua ili alama ya msalaba iliyo ndani ikutane na mahali risasi inapogonga. Mtu aliyenunua darubini ya bei kubwa bila kufanya kazi hiyo kwenye uwanja wa shabaha amenunua kioo tu. Na kadiri darubini inavyokuza zaidi, ndivyo inavyoonyesha mtetemo wa mikono na mapigo ya moyo. Kwa hiyo risasi ndefu hupigwa bunduki ikiwa imeegemezwa, si kushikwa hewani.

Siku hizi zimeenea darubini zinazoona joto la mwili. Usiku wa giza totoro sungura huonekana kama kaa la moto kwenye majani baridi. Zimeongeza tija ya wakulima, lakini zimeongeza na mtego. Joto halina jina. Kutoka mbali, mbwa wa jirani na walabi huweza kufanana, na binadamu aliyelala nyasini haonekani sura. Mwaka 2010 mtu aliyekuwa kambini nchini humo aliuawa usiku na mwindaji aliyedhani taa ya kichwani ya mtu huyo ni macho ya kulungu. Kanuni za usalama wanazofundishwa waombaji wote wa leseni zinasema mpigaji atambue shabaha yake pasipo shaka yoyote, kisha achunguze kilicho nyuma yake. Hakuna darubini inayomwondolea mtu wajibu huo.

Risasi ya shambani iliyokwenda vitani

Hapa ndipo habari ya sungura inapokutana na habari ya misikiti.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilitaka bunduki nyepesi ambayo askari angeweza kubeba risasi zake nyingi. Wabunifu walianza na ile .222 ya kupigia wanyama wadogo, wakarefusha ganda lake kidogo, wakaongeza baruti. Matokeo yake ni .223, ambayo kwa jina la kijeshi huitwa 5.56 na ndiyo iliyoingia kwenye bunduki ya M16 na baadaye kukubaliwa na nchi za NATO. Kwa maneno mengine, risasi ya mkulima ilikwenda vitani, ikarudi nyumbani ikiwa na majina mawili.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kuzuia mauaji ya halaiki kwa kupiga marufuku ukubwa fulani wa risasi atajikuta amemnyang'anya mkulima chombo chake bila kumgusa muuaji, ambaye atahamia risasi nyingine. Kuipiga marufuku darubini hakusaidii pia: muuaji wa umati hupiga kutoka hatua chache na hana haja ya kuona mbali. Kizuia sauti nacho, ambacho New Zealand huruhusiwa bila kibali maalumu, hupunguza madhara kwa masikio ya mkulima na kero kwa mifugo na majirani.

Tofauti iko mahali pengine. Bunduki ya kawaida ya mkulima ni ya kukoki kwa mkono. Baada ya kila risasi, mkono huacha kifyatulio, huinua koki, huivuta nyuma ili ganda tupu litoke, huisukuma mbele ili risasi mpya iingie, kisha hurudi kwenye kifyatulio. Aliyezoea hutumia sekunde moja au mbili. Jicho huiacha shabaha na kuitafuta upya. Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia nguvu ya risasi iliyotoka kufanya kazi hiyo yote. Mpigaji hubaki ameshika, akivuta kifyatulio tu. Ikiwa magazini yake ina risasi 30 au zaidi, na magazini nyingine ziko mfukoni, hakuna pumziko ambalo mtu angeweza kukimbia au kumrukia.

Risasi ni ile ile .223. Sungura wa Otago na waumini wa Christchurch wametenganishwa na koki na magazini.

Siku ishirini na sita

Tarehe 15 Machi 2019, saa ya swala ya Ijumaa, mtu mwenye bunduki aliingia msikiti wa Al Noor na baadaye kituo cha Kiislamu cha Linwood. Waliouawa ni watu 51, wengi wao wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo Wasomali. Miongoni mwa wafu alikuwamo mtoto wa miaka mitatu.

Silaha zake alizinunua kihalali. Alikuwa na leseni ya daraja la kawaida, aliyoipata Novemba 2017. Sheria ya wakati huo iliruhusu mwenye leseni hiyo kununua bunduki ya kujipakia ya fataki ya kati mradi magazini yake isizidi risasi saba na bunduki isiwe na umbo la kijeshi. Lakini magazini kubwa ziliuzwa kando, bila kuulizwa leseni. Mtu aliweza kuinunua bunduki kwa daraja moja na kuigeuza ya daraja jingine nyumbani kwake, kwa kubadilisha kipande kimoja.

Siku sita baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern, alitangaza marufuku. Tarehe 10 Aprili, siku ishirini na sita baada ya shambulio, bunge lilipitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya David Seymour wa chama cha ACT. Kuanzia Julai hadi Desemba mwaka huo serikali ilinunua silaha zilizopigwa marufuku: zaidi ya bunduki 56,000 zilikusanywa, kwa fidia ya zaidi ya dola milioni 100 za New Zealand.

Kinachostahili kuangaliwa ni kile ambacho sheria haikukigusa. Bunduki za kukoki kwa mkono za .223, .22-250, .243 na nyinginezo zilibaki. Bunduki ndogo za .22 za fataki ya ukingoni zilibaki hata zile za kujipakia, mradi magazini isizidi risasi kumi. Baadhi ya bunduki za marisawa zilibaki, mradi hazichukui zaidi ya risasi tano. Darubini na vizuia sauti havikuguswa. Watunga sheria walitaka waziwazi mkulima aamke siku iliyofuata akiwa bado na chombo cha kulinda malisho yake.

Wapo waliopewa ruhusa ya pekee ya kutumia silaha zilizopigwa marufuku: watumishi wa idara ya uhifadhi, wapigaji wanaowinda kutoka kwenye helikopta, na wale ambao biashara yao ni kuangamiza wanyama waharibifu. Mwaka 2020 mlango huo ulipanuliwa kidogo kwa ajili ya mashamba, lakini mwombaji sharti athibitishe kwamba kazi yake haiwezi kufanyika ipasavyo kwa silaha za kawaida.

Si wakulima wote waliofurahi. Kundi la mbuzi mwitu likishtuka, wasema, bunduki ya kukoki hupata wawili watatu na waliobaki hupotea mlimani wakiwa wamejifunza kuogopa gari. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ndiyo maana wapigaji wa helikopta waliruhusiwa. Lakini kwa sungura na posamu, kazi ya kila usiku ya wengi wao, .22 ya risasi kumi na .223 ya kukoki zimeendelea kufanya kazi. Kila Pasaka, mwaka unaporuhusu, vikosi vya wawindaji hukusanyika mji wa Alexandra na kupanga sungura waliouawa kwa maelfu uwanjani.

Mtu nyuma ya bunduki

Tume ya Kifalme iliyochunguza shambulio hilo ilitoa ripoti yake Desemba 2020, na ikagusa jambo ambalo halihusu chuma wala baruti. Muuaji hakuwa na jamaa nchini humo. Waliomdhamini alipoomba leseni walikuwa rafiki aliyemfahamu zaidi kupitia michezo ya mtandaoni, pamoja na mzazi wa rafiki huyo. Tume ilisema wazi kwamba polisi hawakuisimamia vyema kazi ya kutoa leseni.

Sheria ya mwaka 2020 ilijaribu kuziba pengo hilo. Leseni ya kwanza sasa hudumu miaka mitano badala ya kumi. Ikaundwa mamlaka ya usalama wa silaha, na Juni 24, 2023 ikafunguliwa rejesta ya kitaifa ambayo kila mwenye leseni anatakiwa kuorodhesha silaha zake kabla ya mwisho wa Agosti 2028. Kabla ya hapo serikali ilijua nani ana leseni, lakini kwa silaha nyingi za kawaida haikujua ana bunduki ngapi kabatini.

Sasa mambo hayo yote yamewekwa mezani upya. Anayeongoza kazi ya kuandika sheria mpya ni Nicole McKee wa chama cha ACT, Waziri Mshiriki wa Sheria, ambaye kabla ya siasa alikuwa msemaji wa wamiliki wa silaha wenye leseni. Novemba 2025 alitangaza mwelekeo wake. Usimamizi wa silaha utatolewa mikononi mwa polisi na kupewa chombo kinachojitegemea. Rejesta inabaki, ingawa chama chake hakikuificha kutoridhika kwake. Na marufuku ya bunduki za kujipakia ya mwaka 2019 inabaki pia, licha ya matarajio ya wapigaji wa mashindano.

Hoja ya upande wa wamiliki si ya kubezwa. Wanasema watu waliotii sheria walibebeshwa dhambi ya mtu mmoja, na kwamba mwananchi anayeogopa kutendewa kama mshukiwa hatashirikiana na serikali. Chombo kisicho cha polisi, wanasema, kitarudisha imani. Upande wa pili, wakiwemo viongozi wa jumuiya ya Waislamu, wanahofu kwamba kila mlango unaolegezwa leo kwa jina la mkulima utatumiwa kesho na asiye na shamba. Wanakumbusha kwamba pengo la magazini lililoua watu 51 lilijulikana kabla, na kwamba halikuzibwa kwa kuwa lilionekana dogo.

Upande huu wa bahari

Australia ilipita njia hiyo hiyo mapema zaidi. Baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996, serikali ya shirikisho na majimbo yalikubaliana kuhusu madaraja ya silaha, na zaidi ya bunduki 640,000 zilinunuliwa na kuharibiwa. Hapa pia mkulima aliachiwa nafasi: .22 ya kujipakia yenye magazini isiyozidi risasi kumi iliwekwa katika daraja ambalo wenye kazi ya shamba wanaweza kuliomba. Mstari wa Canberra na wa Wellington, ingawa ulichorwa kwa miaka tofauti, unapita karibu mahali pamoja.

Baada ya Bondi, jimbo la New South Wales liliongeza kipimo kingine, nacho ni idadi. Mmiliki wa kawaida amewekewa kikomo cha bunduki nne, na mkulima kumi. Hapo tena mkulima ametajwa kwa jina. Ni kwa sababu kazi yake ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa mtu anayetaka bunduki ibaki nyumbani, na kwa hiyo ndiyo hoja ambayo wengine hupenda kujifunika nayo.

Kwa msikilizaji anayefanya kazi mashambani upande wowote wa Tasman, ipo tahadhari ya vitendo. Leseni ya nchi moja haimpi mtu ruhusa katika nchi nyingine. Kizuia sauti kilicho cha kawaida kwenye shamba la Canterbury ni kosa la jinai katika sehemu kubwa ya Australia kwa asiye na idhini. Na mwajiri akikukabidhi bunduki ukawafukuze sungura, sheria itakuuliza wewe, si yeye peke yake, una leseni au huna.

Kwa msikilizaji aliyeikimbia bunduki kwao, na leo anaswali au anasali katika mji wenye watu wengi walio na leseni, la kufuatilia ni maswali matatu wakati mswada wa Wellington unapojadiliwa. Je, bunduki ya kujipakia ya fataki ya kati itaendelea kuwa nje ya mikono ya watu wa kawaida? Je, magazini kubwa itaendelea kuhesabiwa kuwa silaha, si kipuri cha dukani? Na je, chombo kipya kitakwenda kugonga milango ya wadhamini na kuuliza kwa dhati kama wanamjua mwombaji?

Majibu yakiwa ndiyo, sungura wa Otago wataendelea kupigwa kama walivyopigwa tangu karne ya kumi na tisa, kwa darubini nzuri na risasi ndogo ya haraka, na hakuna mtu msikitini wala ufukweni atakayekuwa na sababu ya kumhofia mkulima huyo. Likikosekana moja, Christchurch imekwisha kuonyesha kinachoweza kupita kwenye pengo linalodhaniwa kuwa dogo.